Anahesabu hadi mia, lakini nikimwomba vijiko saba ananiletea rundo: nichague mtaala gani wa hisabati?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka mitano na nusu, na mimi na baba yake tumeamua tumfundishe nyumbani mwaka huu wa chekechea. Anahesabu moja hadi mia bila kukwama, na babu yake humpigia makofi. Juzi tukiandaa meza nikamwambia aniletee vijiko saba. Akavikusanya kwa mikono miwili, akaja navyo vyote. Nimebakiwa na mitaala mitatu ya kuchagua: mmoja ni kitabu kinene cha mazoezi chenye picha za rangi, wa pili ni sanduku la vifaa lenye kitabu cha mwalimu kinachonipa hadi maneno ya kusema, wa tatu ni programu ya tableti yenye video. Mimi mwenyewe hesabu zilinitoa jasho shuleni na sitaki kumrithisha woga wangu. Nichukue upi? Au kwa umri huu mtaala hauhitajiki kabisa?

Jibu: Marahaba, mama. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Chukua sanduku la vifaa. Kitabu cha mazoezi usikitupe, kiweke kabatini, zamu yake itafika. Tableti iache iendelee na shughuli zake nyingine. Ila usilichukue sanduku kwa kuwa nimesema mimi tu, maana masanduku mabaya yapo, tena mengi. Kuna kurasa mbili nataka uzifungue katika mitaala yote mitatu kabla hujatoa uamuzi. Na kabla ya kurasa hizo, turudi kwenye vijiko.

Vile vijiko vimekueleza mengi kuliko ile mia nzima. Mtoto wa miaka mitano anayefika mia amekariri maneno mia kwa mfuatano, na si kazi ndogo, babu ana haki ya kupiga makofi. Lakini kuhesabu kuna zaidi ya maneno. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na Randy Gallistel walizichambua kanuni 5 ambazo mtoto anazihitaji ili hesabu yake iwe hesabu kweli: kila kitu kipewe neno moja tu, maneno yafuatane kwa mpangilio uleule siku zote, neno la mwisho ndilo linalotaja idadi, chochote chaweza kuhesabiwa, na waweza kuanzia upande wowote, jibu lisibadilike. Mwanao hiyo ya pili anayo. Nahisi ya tatu ndiyo bado, nayo ndiyo mlango wa mengine yote.

Mpime hivi, kwa utulivu, bila kumwambia kuwa anapimwa. Panga vifungo sita mezani, mwambie avihesabu huku akivigusa. Akifika sita, nyamaza kidogo, kisha uliza: "Kwa hiyo viko vingapi?" Aliyeelewa atasema "sita" na huenda akakushangaa kwa kuuliza. Asiyeelewa ataanza upya: moja, mbili, tatu. Niliwahi kukaa na mtoto mmoja aliyevihesabu vifungo vilevile mara nne, kila nilipomuuliza ni vingapi, tena bila kukosea hata mara moja. Mara ya nne alinitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Kwake "vingapi" ilikuwa amri ya kuanza kuhesabu. Hakuwa na habari kwamba ni swali lenye jibu, na kwamba jibu alikuwa ameshalitamka.

Baadaye, hata siku nyingine, geuza mchezo: nipe vifungo viwili. Nipe vitatu. Nipe vinne. Nenda taratibu ukiangalia ni wapi anaacha kuhesabu na kuanza kukusanya tu. Mwanasaikolojia Karen Wynn alilitumia jaribio hili kwenye utafiti alioutoa mwaka 1990, na kilichoonekana ni kwamba watoto hawaipati maana ya namba kwa mkupuo. Huijua moja kwanza. Miezi hupita ndipo waijue mbili, kisha tatu, halafu siku moja wanafumbuka na kuelewa kwamba namba zote zinafuata utaratibu uleule. Kwa hiyo kama mwanao anakupa nne bila wasiwasi na kwenye tano anaanza kurundika, somo lako linaanzia tano, hata kama mtaala wowote duniani umeandika Somo la Kwanza kwenye moja. Usimsahihishe siku hiyo. Iandike hiyo namba mahali.

(Ukipenda, panga pia safu mbili za vifungo vitano vitano, kisha moja uitandaze iwe ndefu. Akisema ile ndefu ndiyo yenye vingi, usishtuke. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwashangaza wengi kwa jaribio hilo miaka mingi iliyopita, na watoto wengi hulivuka wenyewe kuelekea miaka sita au saba.)

Sasa ukurasa wa kwanza ninaoutaka: mahali mtaala unapoifundisha namba tano.

Fungua kile kitabu cha mazoezi. Nakisia utakachokuta, kwa sababu nimeviona vingi vya aina hiyo: 5 kubwa ya nukta nukta za kufuatisha kwa penseli, wanyama watano wa kupaka rangi, mstari wa kuandika 5 mara kumi, na ukigeuza tu karatasi, 6. Mtoto akimaliza ukurasa huo amefanya mazoezi ya mkono. Amejifunza kuchora mkunjo. Kuhusu tano yenyewe hajaambiwa kitu ambacho hakukijua alipoamka.

Mtaala mzuri unakaa kwenye tano hata juma zima, pengine mawili. Tano ni vidole vya mkono mmoja. Tano ni zile nukta za kwenye dadu, ambazo anapaswa azitambue kwa kuzitupia jicho, bila kuzihesabu. Tano ni nne na moja. Ni tatu na mbili. Ni tano na hakuna kitu. Tano ikipangwa, ikitawanywa au ikifichwa nusu, bado ni tano. Huko kuvunja namba na kuirudisha ndiko hisabati ya chekechea iliko, na ndiko kujumlisha na kutoa kutakapochipukia bila vita.

Nikuonyeshe somo zima linavyokuwa, uone lilivyo dogo. Vifungo vitano, na kikombe. Mnavihesabu pamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano, vifungo vitano. Anafumba macho, unaficha baadhi chini ya kikombe. Anafumbua, anaona viwili nje.

"Nimeficha vingapi?"

Siku ya kwanza atafunua kikombe. Mwache afunue. Siku ya pili atabahatisha: "Kumi!" Mfunulie, ahesabu, acheke. Siku ya tatu au ya nne utamwona anatazama viwili vya nje, halafu anatazama mkono wake, anakunja vidole viwili, anavitazama vilivyosimama. "Vitatu." Hapo usiseme "vizuri sana" haraka. Uliza "umejuaje?" Atakachokueleza, hata kikiwa ovyo ovyo, ndicho somo la siku hiyo. Mlango wa kutoa na kujumlisha ameshaufungua mwenyewe na wala hajaona alama yoyote ya hesabu. Kisha umwachie yeye zamu ya kuficha, na wewe ukosee makusudi mara moja moja.

Kama sanduku lako lina somo la namna hiyo kwenye tano, linafaa. Kama lina vifaa vya kupendeza lakini kwenye tano linakwambia mtoto ahesabu dubu watano wa plastiki, kisha kesho dubu sita, basi hilo ni kitabu cha mazoezi kilichovaa plastiki.

Usikubali kutishwa na mtaala unaojisifu kwa kufika mbali. Tazama vigezo vya walioandika kwa ajili ya nchi nzima. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, vinavyotumika katika majimbo mengi, vinamtaka mtoto wa chekechea ahesabu hadi 100, lakini kujumlisha na kutoa kwa wepesi vinaishia 5. Tano tu! England nao, katika malengo yaliyoanza kutumika 2021, wanamtaka mtoto aielewe kwa kina kila namba hadi 10, atambue idadi hadi 5 bila kuhesabu, na azijue kwa kichwa jozi zinazounda 5 na baadhi ya zinazounda 10. Ukiona mtaala wa chekechea unapanga namba juu na chini na kujumlisha kwa mafungu, ujue kuna hatua umeziruka, na hatua zilizorukwa hulipwa baadaye, kwa jasho kama lile unalolikumbuka wewe.

Ukurasa wa pili ni pale mtaala unapovuka kumi kwenda kumi na moja, na hapa nina jambo ambalo karibu hakuna mwandishi wa mitaala atakayekwambia, kwa kuwa mingi imeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza. Mtoto huyo anakutana na "eleven" na "twelve", maneno yasiyomwonyesha kumi wala moja wala mbili. Kwa hiyo mtaala unatumia masomo chungu nzima kumfunulia siri kwamba ndani ya 12 mna kumi moja na mbili zaidi. Mwanao anaisikia siri hiyo kila anapotamka: kumi na mbili. Jina lenyewe linasema. Wachina nao wana bahati hiyohiyo. Kama nyumbani mnazungumza Kiswahili, hesabuni kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha Kiingereza. Masomo hayo mtayapita kwa siku mbili tatu. Mwekee vifungo kumi kwenye mstari na viwili chini yake, aseme anachokiona.

Kiswahili kinatutega mbele kidogo. Kutoka kumi na tisa tunaingia ishirini, na ndani ya ishirini hakuna anayeisikia mbili. Thelathini, arobaini, hamsini: maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu, mazuri, lakini kwa mtoto yamefungwa. Kwa majuma machache ongeeni kwa "makumi mawili", "makumi matatu na nne", huku vifungo vimefungwa kumi kumi mbele yake. Akishazoea, mwambie kwamba makumi mawili yana jina lake, yanaitwa ishirini. Atalipokea kama jina la mtu anayemjua tayari.

Na kuna zawadi nyingine ya lugha ambayo mimi huitumia kila siku. Tukihesabu tunasema moja, mbili, tatu, nne, tano. Tukitaja idadi tunasema vijiko vitano, watoto watano, mawe matano. Neno linabadilika! (Isipokuwa sita, saba, tisa na kumi, ambazo hazibadiliki, na usishangae mtoto akikutungia "vijiko visaba".) Kwa hiyo kila mkimaliza kuhesabu, funga kwa jina la kitu: "...tatu, nne, tano. Vijiko vitano." Katika kule kugeuka kutoka "tano" kwenda "vitano" mtoto anasikia kwa masikio yake kwamba kuhesabu kumekwisha na idadi imepatikana. Ni ile kanuni ya tatu iliyompiga chenga mwanao. Nakushauri uanze nayo kesho, kabla hata ya kununua chochote.

Nikiwa kwenye lugha: somo la saa katika mitaala ya kigeni liruke tu mwaka huu. Mkono wa saa unaonyesha 7, wewe unamwambia saa moja. Yatosha kumchanganya mtu mzima.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe. Wazo la kuanza na vitu vya kushika, kisha picha, kisha alama, limekuwapo muda mrefu. Mwanasaikolojia Jerome Bruner aliliandika waziwazi miaka ya 1960, na Singapore ilijengea juu yake mtaala wake wa shule za msingi miaka ya 1980, ule ambao leo umesambaa dunia nzima. Kabla yao Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alikuwa na kisanduku ninachokipenda kuliko vifaa vingi vya leo: vyumba vilivyoandikwa 0 hadi 9, na vijiti 45 vya kugawa humo. Mtoto anaweka kimoja kwenye 1, viwili kwenye 2, hadi tisa, na vijiti vinakwisha sawasawa. Chumba cha 0 kinabaki kitupu. Sifuri haikuhitaji kuelezwa. Waweza kukitengeneza kwa maboksi ya kiberiti, tena bila mtaala wowote.

Kama sanduku lako lina vile vipande vya rangi vya Georges Cuisenaire, yule mwalimu wa Ubelgiji, umebahatika. Ni vipande kumi vya urefu wa sentimita 1 hadi 10, kila urefu na rangi yake. Cha njano ni tano. Ukilaza chekundu (mbili) na cha kijani hafifu (tatu) kando yake, ncha zinalingana. Mtoto anaona kwa jicho kwamba mbili na tatu ni tano. Ubaya wake ni kwamba havina alama za kuhesabia, kwa hiyo kwa mtoto ambaye idadi haijamkaa, anza na vifungo, vipande vifuate. Kwa ujumla tafuta sanduku lenye vifaa vya aina mbili au tatu vinavyorudi mwaka mzima. Lenye aina ishirini, kila wiki kichezeo kipya, humfanya mtoto ajifunze vichezeo.

Mitaala hutofautiana pia katika mwendo. Mingine hurukaruka, leo maumbo, kesho vipimo, keshokutwa namba, kisha inarudi; mingine hukaa kwenye jambo moja mpaka lishike. Watu hubishana sana juu ya hilo. Kwa mwanao, kwa ile hali ya vijiko, ningependa unaokaa. Maumbo, ruwaza na kupima mtayapata humohumo katika michezo.

Kuhusu tableti sina mengi. Programu nyingi humpa mtoto majibu matatu agonge moja, na mtoto mwerevu hugundua haraka kwamba kugonga yote matatu kunalipa. Na video haiwezi kumuuliza "umejuaje?" ikangoja.

Sasa wewe, mama, na huo woga. Sioni aibu yoyote katika kitabu cha mwalimu kinachokupa maneno ya kusema; kwa mtu mwenye historia yako ndicho hasa ningekitaka. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Erin Maloney, uliofuatilia watoto wa madarasa ya kwanza ya shule: wale ambao wazazi wao waliogopa hesabu walijifunza hesabu kidogo zaidi ndani ya mwaka ule, na ilikuwa hivyo pale ambapo wazazi hao walikuwa wakiwasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Mimi nauchukulia hivi: uwepo wako haumdhuru mtoto, kinachomfikia ni ile pumzi unayoishusha kabla ya kufungua kitabu, na lile "hata mimi hesabu zilinishinda" tunalolisema kwa kumliwaza. Hilo usiliseme mbele yake kabisa. Kitabu chenye maneno tayari kinakushika mkono mpaka upate ya kwako. Kipime hivi: je, kinakwambia kwa nini somo lipo, na kinakuonyesha mtoto anaweza kujibu nini akikosea? Kama kinatoa amri tu, "sema hivi, geuza ukurasa", kitakuacha njia panda siku ya kwanza mtoto atakapojibu kitu ambacho hakimo.

Kwa kweli ungeweza kumaliza mwaka huu bila mtaala. Vifungo, kikombe, dadu, na mchezo wa ubao vingetosha. Robert Siegler na Geetha Ramani walionyesha mwaka 2008 kwamba vipindi 4 vya dakika 15 vya mchezo wa ubao wenye visanduku 1 hadi 10 kwenye mstari viliinua uelewa wa namba wa watoto wa shule ya awali, wakati ubao wa rangi tupu haukufanya hivyo. Siri iko katika kusema: mtoto aliye kwenye 3 akipata 2 anasogea akisema "nne, tano", si "moja, mbili". Chora ubao huo leo kwenye kadibodi. Mtaala nakushauri uuchukue kwa sababu yako wewe zaidi ya mtoto. Utakupa mpangilio, na utakuondolea lile swali la kila asubuhi, leo nifundishe nini.

Somo liwe dakika 10 hadi 15, siku nne kwa juma. Likiisha wakati bado anataka, liishe. Kuandika namba kuwe somo jingine, saa nyingine, maana vidole vyake haviendi mwendo wa akili yake. Kwenye hesabu mpe kadi zenye namba achague. Akiandika 3 imegeuka, igeuzie kwa upole mara moja moja. Kwa umri wake ni jambo la kawaida.

Kitabu cha mazoezi kitoe kabatini atakapokuwa anakupa kumi kwa uhakika na anaumudu mchezo wa kikombe hadi sita au saba. Wakati huo kurasa zile zitakuwa mapumziko yake, ataziruka mbili mbili, na mwache aziruke.

Anza na vifungo Jumatatu. Ukishajua namba anayoanzia kurundika, niandikie, pamoja na kile utakachokikuta kwenye ukurasa wa namba tano wa hilo sanduku. Kama ni dubu tu, lirudishe ulikolitoa kabla risiti haijapotea.